Mguu wa Nyapara na Mguu wa Kuku

Jumatano, tarehe kumi na nne Mfungo Pili. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu yanakuja na kuacha, na upepo unaupiga mlango wa jikoni mpaka mke wangu Bi Zuhura ameufunga kwa kamba.

Mjukuu wangu Mwanaidi anasomea uuguzi. Amekuja likizo na ombi: wenzake chuoni wanataka kujua sisi madresa wa zamani, wafunga vidonda wa dispensari, tulifanyaje kazi kabla watu hawajazoea kupigwa picha ya mfupa. "Babu, andika kama unavyozungumza," kasema. Sina hakika kama naweza. Nimesoma mpaka darasa la nne, na maandishi niliyozoea ni ya daftari la wagonjwa: jina, umri, anaumwa nini, kapewa nini. Nimekwisha chana karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya majivuno, ya pili ilikuwa ya kuomba radhi toka juu mpaka chini. Hii ya tatu itoke itakavyotoka.

Basi vijana, nitawaeleza habari ya watu walioumia kwa kugongana wakiwa juu ya farasi. Najua mtasema mzee kachanganyikiwa, farasi gani huku kwetu, na mbung'o hawa. Ni kweli, walikuwa wachache, na hao wachache hawakudumu. Miaka yangu yote ya kazi enzi za Mwingereza, kwenye dispensari yetu ya barabara ya Kiranjeranje, nilitibu wapanda farasi wawili tu. Wa punda siwahesabu. Na katika hao wawili, mmoja nilimwangusha mimi mwenyewe.

Wa kwanza, ambaye sikumwangusha, alikuwa kijana wa Kizungu mpima ardhi. Farasi wake alikutana konani na mkokoteni wa nazi. Nazi zikaenda zake mtoni, farasi akaenda zake porini, na kijana akatangulia kichwa. Aliletwa kwangu akitembea mwenyewe, akajipangusa vumbi, akasema, "Mimi nzuri kabisa." Nikamwamini. Nikampa chai.

Akaniuliza, "Farasi yangu iko wapi?"

"Yule pale, Bwana, kafungwa kwenye mkorosho."

Akashukuru, akanywa funda moja, akauliza farasi yake iko wapi. Nikamwonyesha. Akashukuru vilevile kwa adabu, akanywa funda la pili, akauliza tena. Wagonjwa waliokuwa wakingoja foleni wakaanza kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Mara ya nne ndipo cheko liliponiishia. Nikamlaza, nikamwondolea chai, nikakaa naye nikimwamsha kila mara kumuuliza jina la mama yake, mpaka lilipopatikana lori la kumpeleka Lindi. Alipona. Lakini alipona kwa bahati yake, si kwa akili yangu. Tangu siku ile, mtu aliyegonga kichwa simuulizi kama ni mzima. Namuuliza leo siku gani na nani kamleta, kisha baada ya kitambo namuuliza yale yale. Hilo liandikeni, ndilo la maana katika habari yake yote.

Sasa wa pili.

Shamba la mkonge lililokuwa karibu nasi lilikuwa na meneja Mzungu, na meneja alikuwa na farasi mwekundu aliyeitwa Kapiteni. Meneja alipokwenda kwao likizo ya miezi michache, alimwachia farasi Nyapara Mkuu wake, Bwana Selemani, na agizo moja: kila asubuhi amtembeze, asimkimbize. Bwana Selemani alikuwa mtu mrefu, mkali wa kazi, na tuseme haki, hakuwa mwonevu. Lakini alipopanda yule farasi alikuwa mtu mwingine. Alivaa kanzu kaikunja kiunoni, kofia ya viua, na mabuti ya zamani ya Bwana Meneja yaliyompita kidogo. Njia nzima watu walimsalimu. Kuna bibi mmoja haoni vizuri, alisikia kwato, akamwamkia shikamoo farasi. Bwana Selemani akaitikia marahaba kwa niaba yake.

Mimi nilikuwa na baisikeli ya dispensari. Breki zake zilikwisha zamani. Nilikuwa nafunga breki kwa kuburuza chini kubazi langu, kiatu cha ngozi, na kengele yangu ilikuwa mdomo. Asubuhi ile nilikuwa nateremka mteremko wa darajani, nyuma nimefunga sanduku la dawa, ndani yake chupa kubwa ya jenshiani, ile dawa ya zambarau. Chini darajani nikamwona Kapiteni anakuja.

Hapa nataka niseme kwa haki, kwa sababu nimeifikiria ajali hii maisha yangu yote. Mimi nilikuwa upande wangu, kushoto. Yeye alikuwa katikati. Lakini mimi nilikuwa na mwendo ambao sikuuchagua. Nikapiga kelele, "Pisha, Bwana Nyapara, pisha." Yeye akadhani namsalimu, akainua mkono kuitikia. Kofia ikamwinama, akaachia hatamu kuishika kwa mkono wa pili. Ndivyo tulivyokutana, mtu asiye na breki na mtu asiye na hatamu. Farasi peke yake ndiye aliyekuwa na akili, maana aliruka pembeni. Bwana Selemani hakuruka naye. Alianguka mguu wa kulia ukiwa bado umenasa kwenye pete ya kukanyagia, na baisikeli ikaja juu yake. Chupa ikapasuka. Kapiteni alitembea wiki kadhaa na tumbo la zambarau.

Nilipomfikia nilifanya mambo matatu sawasawa na moja vibaya. Sikumwinua. Nilimuuliza siku na jina langu, akaniambia siku, na jina langu akaliongezea mengine nisiyoyaandika. Nilimpapasa shingo na mbavu. Kisha nikautazama mguu: chini ya goti, katikati ya muundi, ulikuwa umepinda pasipo na kiungo. Ngozi haikuchanika, alhamdulillahi. Nikatoa mkasi kukata buti.

"Dresa, weka chini hiyo."

"Mguu unavimba, Bwana Selemani. Nikivuta buti nitauvunja mara ya pili."

"Bora ukate mguu. Mguu wangu, buti la Bwana Meneja."

Tukakubaliana nikate kwenye mshono tu, ili fundi viatu aweze kulirudishia. Nikakata polepole kama nafungua barua, yeye akinisimamia kwa macho, jasho linamtoka. Nikauvuta mguu ukanyooka, nikaufunga magango mawili ya mbao na bandeji, watu wanne wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka banda la wagonjwa, nyuma ya nyumba yangu.

Lile nililofanya vibaya ni kufunga. Nilikuwa na woga, na mwenye woga hukaza. Alasiri akaja Bibi Fatu, mwunga mifupa wa upande ule, mama mfupi, mnyamavu, mkono wake mmoja una nguvu kuliko yangu yote miwili. Hakuna aliyemwita, au walimwita watu wa Nyapara, sijui. Hakuutazama mguu. Alitazama vidole.

"Dresa, mwanangu, hivi vidole vya nani?"

"Vya Bwana Nyapara, Bibi."

"Mbona vya baridi kama vya maiti?"

Akaubonyeza ukucha wa kidole gumba. Ukawa mweupe, ukabaki mweupe. Akaniangalia. Nikafungua bandeji, nikafunga upya, na yeye akatia kidole chake kimoja chini ya kila mzunguko. Pasipopita kidole, nafungua. Baada ya kitambo ukucha ukibonyezwa damu ilirudi mara moja. Kama si yeye, Nyapara angepoteza mguu mikononi mwangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mnaposoma kuhusu kutazama vidole, joto lake, rangi yake, kama vinachezeka, kama vinahisi, jueni mimi nilifundishwa na mama asiyejua kusoma.

Jioni nikaandika daftari. Kwenye nafasi ya sababu ya kuumia niliandika: "Ameanguka kutoka juu ya farasi." Nikaisoma. Haikuwa uongo. Nikafunga daftari haraka.

Mnapaswa kuelewa ule mguu ulikuwa na uzito gani. Nyapara wa mkonge kazi yake ni miguu. Kila alfajiri anaitembea mistari mpaka jua linapokuwa kali, anahesabu kazi ya kila mtu. Nyapara anayechechemea, watu wanamaliza kupiga soga kabla hajafika. Na nyapara wa pili, mtu mmoja mpole sana wa maneno, alikuwa anakuja kumjulia hali kila siku na kila siku anauliza, "Bado hujakanyaga?" Bwana Selemani alikuwa na watoto saba. Aliniambia, "Dresa, nikipoteza mguu huu nimepoteza nyumba." Hakujua, au nilidhani hajui, kwamba anamwambia mtu asiyekuwa na breki.

Ndipo Bibi Fatu alipoleta kuku.

Wenyewe mnajua, au mmesikia kwa wazee: mwunga mifupa huchukua kuku, humvunja mguu mahali palepale alipovunjika mtu, humfunga vijiti vya mwanzi na majani yaleyale. Sipendi kuliandika hilo la kumvunja, nilitoka nje lilipofanyika. Alikuwa kuku jike, tembe mwekundu mwenye kishungi. Bibi Fatu akamkabidhi kwangu, akae uani kwangu, mgonjwa awe anamwona dirishani. Kisha akatoa masharti.

"Kuku akikanyaga, wewe utakaa kitako na kuinua mguu. Akiparura kwa mguu huo, utashika magongo. Akiruka mpaka juu ya banda, hapo ngoja mwezi mmoja, ndipo utembee. Kabla ya hapo ukijaribu, usiniite."

Mimi nilitaka kucheka, maana nilikuwa na cheti. Lakini nilipofikiri nikaona yule kuku ni saa. Mgonjwa akiambiwa "lala miezi mitatu" atalala wiki mbili. Akipewa kuku wa kutazama, ana jambo la kungojea. Bwana Selemani alimtazama yule kuku kama nahodha anavyotazama bandari. Alimwekea mtama kutoka sahani yake. Alikuwa ananiita kazini nikiwa nachoma sindano: "Dresa, leo kainama upande wa kulia, ina maana gani?" Sikujua ina maana gani. Nilisema ni dalili njema.

Wiki ya nne ilipoingia, Bibi Fatu akamfungua kuku vijiti. Kuku akakanyaga, akichechemea. Bwana Selemani akakaa kitako kitandani, akainua mguu na magango yake, machozi yakamlenga. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa.

Sasa nimlete Bi Zuhura, mke wangu, ambaye anaposikia naandika haya amesimama mlangoni kuhakikisha simwonei. Wakati wote huo hakuwepo. Dada yake alijifungua Songo Mnara, naye alikwenda kumlea siku arobaini. Alikuwa ameondoka kabla ya ajali. Kwa hiyo hakujua habari ya farasi, wala Nyapara, wala kuku. Alirudi asubuhi moja, mzigo bado kichwani, akakuta nyumbani ametokea daktari mkaguzi kutoka Lindi, Mgoa mmoja mtu mzima, na mimi nipo naye kwenye banda tunautazama mguu. Mgeni kafika, jikoni hakuna kitu, mwenye nyumba yuko kazini. Angefanya nini? Alifanya analofanya mwanamke yeyote wa kwetu. Alikwenda uani kutafuta kuku.

"Nilimchukua asiyekimbia," aliniambia baadaye. Nami sijaona kosa katika hilo. Wapo kuku wanane, umechoka na safari, mmoja anachechemea. Akamwomba mwadhini aliyekuwa anapita amchinje, akamchinja kwa bismillahi. Nyapara hakuona, maana wakati huo mimi na daktari tulikuwa tumemzibia dirisha.

Daktari aliupapasa mguu akasema umenyooka vizuri, unaunga. "Lakini asiukanyage," akasema. "Wiki sita tena, si pungufu. Mfupa sasa ni kama uji ulioganda juu tu." Akaniambia pia nimefunga vizuri. Sikumtaja Bibi Fatu. Nikiri hilo nalo.

Adhuhuri tukakaa barazani. Wali wa nazi, kuku wa mchuzi. Paja zima zuri nikampa mgeni. Lingine nikalichukua mimi, kwa kuwa lilionekana dogo na halikukaa sawa kwenye bakuli, na si haki kumpa mgeni kilichopinda. Nikauma. Jino langu likapita kwenye nyama, likafika kwenye mfupa, na katikati ya mfupa likakuta kifundo.

Nikaacha kutafuna.

"Umeuma jiwe?" daktari akauliza.

"Hapana, Bwana Daktari. Nadhani nimemuuma mgonjwa."

Ilibidi nimweleze. Yule mzee alicheka mpaka akaweka tonge chini. Kisha akaomba ule mfupa, akausafisha kwa maji ya kunawa, akavaa miwani, akaugeuza juani. "Nani kaunga hii?" Hapo nikamtaja Bibi Fatu. "Mwambie nimemsalimu sana," akasema, akanirudishia mfupa. Akala paja lake likaisha, akapanda lori, akaenda zake, akaniachia mimi shughuli yote.

Nikamwambia Bi Zuhura. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi akaziba mdomo.

"Sasa atasema mguu wake umekwisha," nikasema. "Atakata tamaa. Hatakula, hatalala."

"Kwa jirani yetu Mama Sikujua kuna tembe mwekundu mwenye kishungi," akasema. "Pacha wake."

"Huyo hachechemei."

"Mfunge kitambaa mguuni. Atachechemea kwa kero."

Vijana, niliwaza kidogo, si sana. Nilisema ni kwa ajili ya mgonjwa. Sasa, ninavyoandika, naona ilikuwa pia kwa ajili yangu, maana mtu aliyekwisha mgonga mgonjwa kwa baisikeli hana hamu ya kumwambia kwamba amemla na kuku wake. Jua halijazama, yule pacha alikuwa uani kwetu na kitambaa mguuni. Bwana Selemani alichungulia akamrushia mtama. Nikaona yamekwisha.

Asubuhi yake nilikuwa ndani ya dispensari nasafisha kidonda cha mtu nikasikia Nyapara anaimba. Hakuwa mtu wa kuimba. Kumbe kitambaa kilitoka. Na yule kuku, ambaye hajawahi kuumwa maishani mwake, alikanyaga, akaparura kwa mguu huo mpaka vumbi likapaa, kisha akaruka juu ya banda. Mambo yote matatu, kabla chai haijachemka. Nyapara akahesabu: kakaa kitako, kashika magongo, katembea. Ule mwezi wa kungoja aliuruka pamoja na kuku. Na asubuhi hiyohiyo kulikuwa kumefika habari kwamba Bwana Meneja ameshuka melini Lindi na anakuja na gari, adhuhuri atakuwa langoni mwa shamba. Nyapara alitaka amkute pale langoni, juu ya farasi.

Nilipotoka nje Kapiteni alikuwa ameletwa. Magango mawili yalikuwa chini. Watu wawili walikuwa wamemshika Bwana Selemani kwapani, kavaa buti lililoshonwa, na nyapara wa pili, yule mpole, alikuwa ameshika farasi kwa ukarimu mkubwa.

"Bwana Selemani, teremka," nikasema.

"Sijapanda, nitateremkaje?"

"Mguu haujawa tayari."

"Kuku yuko juu ya banda, Dresa. Masharti hayakuwa yangu, yalikuwa ya Bibi Fatu. Muulize mwenyewe, yule anakuja."

Kweli alikuwa anakuja, na kikapu chake, kuja kumtazama kuku. Akatazama juu ya banda. Akatazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Huyu si kuku wangu," akasema. "Wangu alikuwa hana ukucha wa nyuma. Dresa, utasema wewe au niseme mimi?"

Niliona nikinyamaza atapanda, na akipanda, kwa mguu ule wa uji ulioganda, akishuka tu ameuvunja, na safari hii hautanyooka. Nikisema, sijui atanifanya nini. Nikasema.

"Kuku wako tulimla jana."

"Nani alimla?"

"Mimi na daktari."

"Na mguu?" Bwana Selemani sauti ilishuka. "Ule mguu alikula nani?"

"Mimi."

"Wewe, Dresa. Uliona baisikeli haitoshi."

Nikaingia ndani nikatoka na mfupa, nilikuwa nimeuweka ndani ya pamba kwenye kisanduku cha sindano, sijui kwa nini niliuweka, labda nilikuwa nashindwa kuutupa. Nikamkalisha kwanza juu ya kitanda cha kamba kilichokuwa uani, kisha nikamtia mfupa mkononi. Nikamwonyesha kifundo. Akakipapasa kwa ukucha.

"Umeunga," akasema.

"Umeunga," Bibi Fatu akaitikia. "Sasa ukunje."

"Niukunje?"

"Kwa vidole viwili tu. Kama mtu anayepanda farasi."

Akaukunja. Ukalia tak, ukakatika palepale kwenye kifundo. Bwana Selemani akabaki na kipande kila mkono, akivitazama, kisha akautazama mguu wake ndani ya buti. Kisha akanyoosha mguu kitandani taratibu sana, kwa mikono yake mwenyewe, akaniambia, "Funga."

Nikafunga. Kila mzunguko Bibi Fatu akatia kidole. Na kwa kuwa nilikwisha anza kusema kweli nikaona nimalize. Nikasema, mikono ikiwa kazini, kwamba siku ile breki sikuwa nazo, na kwamba daftarini sikuandika hivyo.

"Hilo nalijua," akasema. "Nilikuona unalima barabara kwa kubazi. Na mimi sikushika hatamu. Nilishika kofia." Akafikiri. "Andika vyote. Kofia usiandike."

Nikaandika vyote. Nyapara, unisamehe huko uliko, na kofia niliandika.

Bwana Meneja alifika adhuhuri akakuta langoni nyapara wa pili, kasimama peke yake, na farasi mwenye rangi ya zambarau iliyofifia tumboni. Akauliza Selemani yuko wapi, akaletwa kwangu. Nilisimama nikiwa na daftari mkononi, nikamsomea mwenyewe, breki, hatamu na kofia, kabla hajasomewa na mwingine. Akatikisa kichwa, sikujua ni kwa ghadhabu au vinginevyo, akasema Selemani akishashika magongo apewe kazi ya kukaa kwenye mizani ya mkonge mpaka mguu upone. Baisikeli yangu ilikaa bila breki miezi mingine minne, kwa hiyo msidhani ukweli hurekebisha kila kitu.

Zile wiki sita alizilala zote na nyingine mbili za nyongeza, kwa hiari yake. Vile vipande viwili vya mfupa aliviweka chini ya mto. Kila alipotaka kusimama kabla ya siku zake, alivitoa akavitazama, akalala. Nikamfundisha kukaza paja akiwa amelala, kuchezesha kifundo cha mguu, kushika magongo kwa viganja wala si kwa kwapa, kukanyaga kwanza kwa uzito wa mtoto, kisha wa debe la maji, kisha wake. Alirudi kwenye mistari kabla ya masika. Niliwahi kumfuata nyuma kwa siri nimtazame anavyotembea. Hakuchechemea. Akageuka akaniona.

"Dresa, unanifuata nini? Hujala?"

Salamu yake kwangu ikawa hiyo mpaka alipofariki. Farasi naye hakumaliza mwaka, mbung'o walimpata kama watu walivyotabiri, na Bwana Selemani alimsikitikia zaidi ya mwenye mali.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Sijui kama yatawafaa huko mnakosoma. Pengine nimemsifu mno Bibi Fatu na kujilaumu mno mimi, au kinyume chake. Mwanaidi ataondoa yasiyofaa. Lakini kile kidole chini ya bandeji, tafadhali msikiondoe.

Sasa ni magharibi, manyunyu yamekatika. Kwa ajili ya mgeni wetu Mwanaidi, Bi Zuhura ameamua kuchinja. Alitoka uani akaniuliza kwa sauti, majirani wote wasikie, "Mume wangu, yupo yeyote hapa aliyelazwa?" Nikamwambia wote wameruhusiwa. Tumekula wali wa nazi, kuku wa mchuzi na mchicha. Nimepewa paja. Nimeupitisha ulimi kwenye mfupa kwanza, polepole, toka juu mpaka chini, kama ninavyofanya siku zote. Ulikuwa mzima. Nikala.